Theluji Yenye Sukari

Nyumbani,
Jumatatu, baada ya chakula cha mchana.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba wajawazito wako wanakuachia japo nafasi ya kula ukiwa umeketi. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua akishuka ngazi, lakini ulimi wake uko salama kabisa, tangu asubuhi umekwisha kunisema mara tatu. Wifi yako anakusalimu. Wanao wa huku kwetu wanauliza shangazi yao atakuja lini, na mimi kila mara nawajibu kwamba shangazi ana kazi nyingi. Jibu hilo nimelitumia mpaka limechakaa.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ninayo mfukoni. Kwanza, kwenye simu wewe hunikatiza. Sikulaumu, mkunga amezoea kutoa amri, lakini haya ya leo yanataka mtu asikilizwe mpaka mwisho. Pili, nimeamriwa niandike kwa mkono wangu. Aliyeniamuru utamjua.

Habari kubwa ni kwamba theluji imeanguka mlimani. Sitii chumvi. Si mvua ya mawe, si umande ulioganda. Theluji yenyewe, Dada, ya kufika kwenye vifundo vya miguu, hapo juu kwetu tulikozaliwa, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka kwenye mji huu ambao watu hulala milango wazi kwa joto.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa karakanani nikipambana na friji ya mwenye bucha, jirani yangu. Friji hiyo ilikuwa imegoma, inatoa joto badala ya baridi, na mwenyewe amenisimamia kichwani ananiuliza kama kweli nilisomea ufundi au niliuota. Mara likapita lori la viazi linalotoka mlimani. Juu ya turubai lake kulikuwa na kitu cheupe, kinene kama godoro, kinadondoka vipande vipande barabarani. Dereva alisimama mbele ya karakana kwa sababu watu walikuwa wamemziba njia. Kinyozi akachukua konzi moja akajipaka kwenye upara. Mama muuza nyanya alichota akaweka kwenye beseni lake, akaanza kuwafukuza watu kana kwamba amekuja nacho kutoka kwao. Mwenye bucha aliinama, akagusa, akanigeukia mbele ya watu wote na kusema mbingu imefanya kwa usiku mmoja kazi ambayo fundi wangu imemshinda wiki nzima.

Baba alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda chake, redio sikioni, kama kawaida yake. Alinyanyuka, akalisogelea lori, akaweka kiganja juu ya ule weupe na kukiacha hapo mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili na dakika kumi. Akasema tukiondoka sasa hivi tutafika kabla ya saa tatu.

Kisa cha zamani unakijua, lakini vumilia nikisimulie upya, vilevile kinavyosimuliwa siku zote katika familia yetu. Nina sababu yangu. Baba alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika kituo cha kule juu, nasi tuliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, hatua thelathini kutoka kwenye vipimo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi sita. Kila siku saa tatu kamili asubuhi kipimamvua kilisomwa. Wewe ndiye uliyekuwa msaidizi wake. Ulisoma kipimajoto ukamtajia namba, na penseli ilikaa sikioni mwako, siyo mwake. Asubuhi moja tukaamka tukakuta weupe, mwembamba tu, kama unga uliomwagika. Baba alitueleza kwamba theluji haipimwi kama mvua. Huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwanza, kisha maji hayo hutolewa kwenye hesabu. Akakuachia wewe ulinzi wa kipimamvua na kazi ya kupasha maji, naye akakimbilia kambi ya mafundi wa barabara yenye simu, kuwapa habari makao makuu. Aliporudi jua lilikuwa limewaka, theluji ya chini imekuwa matope. Kwenye kipimamvua alikuta maji tayari. Yalikuwa na rangi kidogo, akadhani ni vumbi la faneli, ule mdomo mpana wa kipimamvua. Akayapima, akaandika, akayatia kwenye chupa ya dawa ya kahawia, akaiziba kwa nta na kuituma makao makuu iwe ushahidi. Huko wakaifungua. Ilikuwa chai ya rangi, tena yenye sukari.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Mkaguzi alikuja, akaupiga ukurasa wa Baba mstari mwekundu, na Baba akahamishiwa ghala la vifaa huku chini, akapanga masanduku mpaka siku ya kustaafu. Mtaani wakamwita Mzee Chai. Miaka thelathini na tisa, Dada! Watoto waliomtania wamekuwa baba za watu, na watoto wao nao wakarithi utani: mzee, leo mbingu imetia sukari ngapi? Yeye hucheka nao. Mimi ninayeishi naye najua kicheko hicho kinaishia wapi.

Na wewe uliulizwa. Ulisema hukugusa. Baba hakukupiga wala hakukutukana, alichukua tu ile penseli na hakukuita tena penye vipimo. Muhula uliofuata ukapelekwa kuishi kwa Shangazi, na tangu hapo wewe na Baba mnasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Basi turudi kwenye Jumamosi yangu. Mama alipinga safari akiwa mlangoni, kwamba mtu wa miaka themanini na mmoja mwenye kifua kibovu hapelekwi kwenye baridi. Alipoona Baba amekwisha kupanda gari, akapinga kwa nguvu zaidi, ila sasa alikuwa anapinga huku anavaa viatu. Nguo za baridi hatuna, wala mtu yeyote mtaani hana. Baba alivaa sweta tatu, la juu kabisa la wifi yako, lenye vifungo vya maua. Mama alijifunga pazia la sebuleni. Wanao walivaa soksi mikononi. Mwenye bucha naye akajipakia nyuma ya gari bila kualikwa, amekumbatia sinia lake kubwa la nyama, akisema kwa kuwa fundi anakwenda kutalii, mwenye friji atangoja wapi?

Barabara ilikuwa na watu kama siku ya uchaguzi. Magari, pikipiki, mabasi mawili ya shule. Kilomita mbili kabla ya kituo msafara ukasimama kabisa, na ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Nilitazama mbele, sikuona mwisho wa foleni. Baba alifungua mlango, akashika fimbo yake, akaanza kupanda. Nikamwachia wifi yako usukani, nikamkimbilia, na Mama na pazia lake nyuma yetu, goti lisilopenda ngazi limepona ghafla.

Dada, sijui nikuelezeje. Miti yote ilikuwa imeinamisha matawi. Ardhi ilikuwa inalia kila tukikanyaga. Na watu! Mwalimu mkuu mwenye tai alikuwa ameketi ndani ya karai, wanafunzi wake wanamsukuma mteremkoni, anapiga kelele ambazo angemwadhibu mtu kwa kuzipiga. Askari wa barabarani alikuwa ameacha foleni ijitatue yenyewe, amejificha nyuma ya kibao cha kupunguza mwendo, anawavizia wenzake kwa donge la theluji. Mwenye bucha alitupita kwa kishindo, kalala kifudifudi juu ya sinia la nyama, akaenda kusimama kwenye kichaka na kuomba apandishwe tena. Mama alilamba kidogo, akatoa hukumu kwamba haina chumvi. Mimi ambaye nimetengeneza barafu maisha yangu yote kwa gesi na nyaya nilisimama nikajiona mjinga, mjinga mwenye furaha. Baba tu hakucheza. Alikuwa anatazama saa yake na kupumua kwa kinywa.

Tulifika kituoni zimebaki dakika nne. Nyumba yetu bado ipo, imepakwa rangi ya kijani. Mpimaji siku hizi ni binti mmoja, mdogo kuliko gari langu, na tulimkuta amesimama mbele ya kipimamvua na birika la maji ya moto mkononi. Faneli ilikuwa imejaa theluji mpaka imefanya kichuguu. Alikuwa amekwisha kuinamisha birika. Dada, sijawahi kumsikia Baba akipaza sauti namna ile. Hata watu wa kwenye karai waligeuka.

“Usimwage! Pima kwanza!”

Binti alishtuka nusura adondoshe birika. Akamwuliza Baba yeye ni nani. Baba akavua kofia, akamjibu kwamba kabla yake, na kabla ya aliyemtangulia, na kabla ya huyo tena, alikuwa yeye. Kisha akamweleza kwa upole, kana kwamba wana siku nzima. Maji yasiwe ya moto, yawe ya uvuguvugu. Yapimwe kwenye glasi, milimita kumi kamili, yamwagwe taratibu pembeni mwa faneli, yangojewe. Jumla itakayopatikana itolewe kumi, na kinachobaki ndiyo theluji yenyewe. Saa tatu kamili binti alimkabidhi glasi na kumwomba asome yeye. Baba aliisogeza usawa wa macho, bila miwani. Kumi ilipotolewa, zikabaki kumi na nne nukta mbili.

Binti akapiga simu makao makuu, sote tumemzunguka. Mkubwa wa huko alimwuliza kama ana hakika haikuwa mvua ya mawe. Akamjibu kwamba ana mashahidi zaidi ya mia nne, na mmoja wao ni mwalimu mkuu ndani ya karai. Mkubwa akauliza nani alimfundisha kupima theluji, maana kwenye mafunzo siku hizi hakuna. Binti alimtaja Baba kwa jina lake kamili, halafu akaongeza, mwenyewe bila kuombwa, kwamba huyu ndiye aliyeandika theluji kwenye daftari la kituo miaka thelathini na tisa iliyopita na kupigwa mstari mwekundu, na kwamba yeye daftari hilo amelisoma tangu wiki yake ya kwanza, na hajawahi kuuamini huo mstari. Kisha mkubwa akasema vipimo vya leo viandikwe kwa majina mawili, lake na la Mzee, na kwamba wiki ijayo atapanda mwenyewe kuutazama ule ukurasa.

Hapo mwenye bucha alipiga mbinja. Madereva wa malori wakamnyanyua Baba juu juu, na fimbo yake, na sweta la maua, wakazunguka naye uwanja wa vipimo wakiimba jina lake. Jina lake hasa, Dada, siyo lile la mtaani. Mama alikuwa anawafuata nyuma akiwaonya wasimwangushe, machozi yanamtoka na hayafuti. Na mimi nililia, nakwambia kweli, nililia kwa sauti.

Walipomtua, mwenye bucha, ambaye hana ubaya ila hana breki, akamkumbatia na kumwambia sasa limebaki fumbo moja tu. Theluji tumeiona, sawa, lakini ile chai ilifikaje kwenye chupa? Watu wakacheka. Baba naye akacheka, kile kicheko chake. Kisha akasema polepole kwamba hilo atakwenda nalo kaburini, kwa kuwa aliyekuwa analinda alisema hakugusa. Akaangalia chini. Niliona furaha inamshuka usoni katikati ya watu wote wale, na nikajua kwamba nisiposema siku ile sitasema tena.

Wifi yako alikuwa amekwisha kulifikisha gari kituoni, nikamwambia Baba twende humo ajipashe moto. Nikafunga milango. Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Ni mimi.

Uliingia jikoni kuchukua maji, ukaniambia nitazame tu kwa macho. Theluji ya chini ilikuwa imekanyagwa na mbuzi. Ya kwenye faneli ilikuwa safi kabisa. Nililamba kidogo. Kisha nikalamba tena. Nilipokuja kutanabahi nilikuwa nimekula yote, nimeikwangua faneli kwa kidole mpaka bati likaonekana. Nikasikia nyayo zako. Kizingitini kulikuwa na kikombe cha Baba, chai aliyoiacha alipokimbilia simu. Nikaimimina. Nilifikiri maji ni maji. Wewe ukatoka, ukaona theluji haipo na maji yapo ndani, ukadhani jua limeyeyusha, ukasimama hapo ukilinda chai yangu mpaka Baba aliporudi.

Siku mkaguzi alipokuuliza mbele ya Baba nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ukisema hukugusa, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa sauti ndogo. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga. Baadaye kwa aibu. Uongo wa mtoto ukakua nami, ukaota ndevu, ukaoa, ukazaa. Kila ulipokuja nyumbani ukaondoka kabla ya siku mbili nilijua nani aliyekufukuza, nami nikabeba begi lako mpaka kituoni kama mdogo mwema. Ulitaka kuwa mpimaji, Dada. Ulikuwa unajua majina ya mawingu yote. Mimi ndiye niliyekunyima, si Baba, na sina cha kukulipa. Naomba unisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Nilingoja fimbo. Baba akaniuliza theluji ile ilikuwa na ladha gani. Nikamwambia ladha ya bati. Akasema yeye siku ile hakuionja hata chembe, aliona ni mali ya serikali. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikijui, cha kutoka tumboni, akacheka mpaka kifua kikamshika na nikaogopa. Alifungua dirisha, akachota theluji juu ya kioo cha pembeni, akaila, halafu konzi ya pili akanisokomeza nayo ndani ya kola, huku ananiita jina ambalo siwezi kuliandika.

Halafu akalitaja jina lako na kicheko kikakatika. Alisema kituo si kitu, mtu huhamishwa kituo na dunia inaendelea. Lakini mtoto wake alimwambia ukweli mara mbili, naye akamwamini mkaguzi na chupa. Alilia, Dada. Sijui kama umewahi kumwona, mimi sikuwahi. Aliposhuka garini watu walikuwa bado wanamwimba, akawapungia mkono, akacheza, akapanda sinia la nyama na kuteremka nalo, na hakuanguka. Nimemwona Baba akiwa mshindi, na nashukuru nimeishi kuiona siku hiyo. Ila njia nzima ya kurudi alikuwa anauliza mabasi ya kwenda kwenu huondoka saa ngapi.

Kwa hiyo barua hii haikuja kwa posta. Mlinzi wa geti la kazini kwako aliyekuletea ameombwa na mzee aliyeketi nje, kwenye benchi la wanaosubiri, naye ndiye aliyeniamuru niandike. Nilimwambia apige hodi tu, wewe ni mwanawe. Akakataa. Alisema hana haki ya kukuona mpaka usome, na ukisha kusoma, kuja au kutokuja ni uamuzi wako, yeye atakaa hapo mpaka geti lifungwe, na kesho atarudi.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu. Mama anasema atanishughulikia mimi kwanza, kisha ndipo akupigie simu. Sisi wengine sote tuko salama, tunakusubiri kwa heri au kwa hasira.

Baba ana miaka themanini na mmoja, Dada, na ukisoma haya atakuwa amekaa kwenye basi tangu alfajiri. Toka umwone.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba.